Florida State 2023: mechi 13, ushindi 13, halafu unaambiwa wewe ni wa 5. Huu ni uhuni

Wakuu, salaam.

Kila msimu wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo ukianza, kuna watu wanaibuka na ngonjera ileile: "Florida State walistahili kuachwa, si mliona walivyopigwa 63-3 na Georgia?" Wanaisema timu ya Chuo Kikuu cha Florida State, iliyoshinda mechi zote 13 na bado ikaachwa nje ya timu 4 za kugombea ubingwa. Nimechoka na huu uzushi. Leo twende hatua kwa hatua.

Kwa mnaofuata NFL (ligi ya kulipwa) tu: mpaka msimu ule, ubingwa wa vyuo uligombewa na timu 4. Hazikupatikana kwa msimamo wa ligi. Zilichaguliwa na kamati ya watu 13 waliojifungia hotelini Grapevine, Texas, wakipiga kura. Kila mjumbe anaorodhesha timu 6, zilizotajwa zaidi zinapangwa, 3 za juu zinakaa, kisha mzunguko mwingine. Hakuna pointi za ligi wala tofauti ya magoli. Ni macho ya watu 13 na karatasi ya vigezo.

Vigezo vyenyewe ni ubingwa wa ligi, ugumu wa ratiba, matokeo ya timu zilipokutana, na matokeo dhidi ya wapinzani wa pamoja. Mwishoni kabisa kimechomekwa kifungu cha "mambo mengine", kama vile kukosekana kwa mchezaji muhimu au kocha. Kumbukeni hicho kifungu, ndicho kilichotumika kuchinja.

Sasa msimu wenyewe. Septemba 3, LSU (chuo cha Louisiana) inapigwa 45-24 pale Orlando. LSU hiyo ilikuwa na Jayden Daniels, ambaye mwaka uleule alichukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Septemba 23 Clemson anafuatwa kwake na kufungwa 31-24 kwenye muda wa nyongeza, Kalen DeLoach akiwa amebeba mpira uliodondoshwa yadi 56 mpaka tachidauni (bao la pointi 6), na Keon Coleman akamaliza kazi. Duke 38-20, Miami 27-20. Wote walilala.

Novemba 18, dhidi ya North Alabama, kwotabeki (mpiga pasi anayeongoza mashambulizi) Jordan Travis anavunjika mguu wa kushoto. Msimu wake umekwisha. Wiki iliyofuata msaidizi wake Tate Rodemaker anaanza ugenini Gainesville dhidi ya Florida, timu inatanguliwa 12-0, inarudi na kushinda 24-15, Trey Benson akifunga tachidauni zote 3. Rodemaker naye anaumia kichwa. Desemba 2, fainali ya ACC (ligi ya Florida State) dhidi ya Louisville kule Charlotte, anaingizwa Brock Glenn, kwotabeki wa tatu, mwaka wa kwanza chuoni.

Hapa ndipo wanaoangalia vipande vya dakika mbili wanapopotea. Ni kweli Glenn alikamilisha pasi 8 kati ya 21 kwa yadi 55. Ni takwimu mbovu, hakuna anayebisha. Lakini kocha Mike Norvell hakumwomba arushe. Mpango ulikuwa mpira ukae chini: snepu (mpira wa kuanzishia mchezo) inakwenda moja kwa moja kwa mkimbiaji Lawrance Toafili bila kupitia kwa kwotabeki, kwa hiyo ulinzi unapungukiwa mtu mmoja kwenye safu ya mbele. Mchezo mmoja wa namna hiyo ulizaa yadi 73. Toafili alimaliza na yadi 118 na tuzo ya mchezaji bora. Upande wa ulinzi, Braden Fiske alimwangusha kwotabeki wa Louisville mara 3. Louisville nzima, timu iliyokuwa ya 14 nchini, ilipata yadi 188 tu usiku ule. Matokeo 16-6. Hiyo ni timu inayojua kushinda kwa njia mbili, na bado mnaiita "timu isiyo na kwotabeki".

Kesho yake, Desemba 3: Michigan, Washington, Texas, Alabama. Florida State ya 5. Tangu mfumo ule uanze 2014, haikuwa imewahi kutokea bingwa asiyepoteza mechi kutoka ligi tano kubwa aachwe nje. Ni kama bingwa wa Ligi Kuu Bara anyimwe nafasi ya kwenda CAF kwa sababu kipa wake kavunjika mkono, apewe aliyepoteza mechi kwa kuwa "kikosi chake kinatisha".

Twende kwenye hoja ya mguu, yaani kwamba bila Travis timu haikuwa ileile. Msimamo wa kamati wa Novemba 28 uliiweka Florida State ya 4. Rudia kusoma. Siku kumi BAADA ya Travis kuvunjika, wakijua kabisa harudi, waliiweka timu ndani ya nne bora. Kisha timu ikashinda fainali, ikashuka.

Kilichobadilika ni hesabu ya viti. Georgia, aliyekuwa wa 1 na mfululizo wa ushindi wa mechi 29, alifungwa na Alabama 27-24. Kiti kimoja kikawa wazi. Wagombea ni Texas na Alabama, kila mmoja na kipigo kimoja. Tatizo: Texas alishamfunga Alabama 34-24, tena Tuscaloosa, nyumbani kwa Alabama. Huwezi kumwingiza Alabama ukamwacha Texas. Ukimwingiza Texas peke yake, SEC (ligi ya Alabama na Georgia) inakosa mwakilishi kwa mara ya kwanza katika historia ya mfumo ule. Basi vikahitajika viti viwili na kilichopo ni kimoja. Kwa maoni yangu mguu wa Travis ulitafutwa baada ya hapo. (Wanaodai kulikuwa na bahasha, hiyo pelekeni kwingine. Hamna ushahidi, na mnaharibu hoja nzuri.)

Na kigezo cha wapinzani wa pamoja? Florida State na Alabama walikuwa na mmoja tu: LSU. Florida State alimfunga kwa tofauti ya pointi 21 uwanja usio wa mtu. Alabama alimfunga 42-28 akiwa nyumbani, tofauti ya 14. Najua mtasema Travis alikuwepo siku ile. Sawa, ila ulinzi uliomzuia Louisville ndio uleule, na haukuvunjika mguu.

Tena nusu fainali ilikuwa Januari 1, karibu mwezi mzima mbele. Walimpima Glenn kana kwamba ndiye angecheza, wakati Rodemaker alikuwa na wiki nne za kupona kichwa. Mwaka 2014 Ohio State ilipoteza J.T. Barrett kwa kuvunjika kifundo cha mguu, ikamwanzisha Cardale Jones, kwotabeki wa tatu, ikashinda fainali ya ligi yake 59-0, ikaingizwa ya 4 na KUCHUKUA UBINGWA. Tena Ohio State ile ilikuwa na kipigo kimoja. Kwa nini kipimo hakikuwa kilekile?

Kuhusu 63-3 ya Orange Bowl, mechi ya mwaliko ya mwisho wa msimu dhidi ya Georgia. Ilichezwa Desemba 30, baada ya timu kuambiwa haina cha kugombea. Jared Verse, Coleman, Benson, Johnny Wilson, wote walikaa nje wakijiandaa na usajili wa NFL. Rodemaker alishaomba kuhama chuo. Wachezaji 10 wa kikosi kile walichaguliwa NFL Aprili iliyofuata, Verse akiwa wa 19. Waliocheza Miami siku ile kwa sehemu kubwa si walioshinda Charlotte. Kutumia mechi ile kuhalalisha uamuzi uliofanyika wiki nne nyuma ni kusoma kalenda kichwa chini.

Na msiniletee 2-10 ya 2024. Huo ni msimu mwingine, wachezaji wengine, na unastahili uzi wake wa matusi.

Ndiyo, mwaka 2024 timu zikawa 12 na mabingwa 5 wa ligi waliokuwa juu zaidi kwenye msimamo wakaingia moja kwa moja. Vizuri. Kwa kina Verse haisaidii kitu.

Anayetetea aje na jibu la swali moja tu: kati ya Novemba 28 na Desemba 3, Florida State ilicheza mechi moja ikashinda kwa pointi 10 na kubeba kombe. Ilikosea wapi?