Kumwonyesha mtumiaji mara ya mwisho alipoingia: njia ipi inafaa?

Mwanzisha mada: Ndugu wanajukwaa, mkaguzi ametutaka kila mfanyakazi aonyeshwe, anapofungua kompyuta, ni lini akaunti yake ilitumika mara ya mwisho. Tunatumia Windows na Active Directory (mfumo wa Microsoft unaohifadhi akaunti zote za ofisi). Je, niandike skripti isome lastLogon au lastLogonTimestamp (sehemu mbili za akaunti zinazotunza saa ya kuingia), au niwashe sera ya kikundi (Group Policy, yaani mpangilio unaotumwa kwa kompyuta zote za ofisi) ili Windows yenyewe imwonyeshe?

Mtunza seva: Hizo mbili za kwanza zitakupotosha, ndugu yangu. Thamani ya lastLogon hubaki katika seva ya domeni (seva inayohakiki nywila za mtandao wa ofisi) iliyomthibitisha mtumiaji na haisambazwi kwa nyingine, na zaidi ya hayo, skripti inapoanza kazi mtu ameshaingia, kwa hiyo huenda ikamsomea saa ya sasa hivi badala ya ile ya jana. Nayo lastLogonTimestamp husambazwa, lakini kwa mpangilio wa kawaida haiandikwi upya mpaka iliyopo ifikishe siku kati ya 9 na 14. Inafaa kusaka akaunti zilizolala, basi.

Fundi wa domeni: Washa sera. Huonyesha mara ya mwisho ya kuingia, jaribio la mwisho lililoshindwa, na idadi ya majaribio yaliyoshindwa tangu mtu alipofaulu kuingia mara ya mwisho, jambo ambalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi. Ila nakuomba uzingatie: kiwango cha domeni (toleo la Windows Server ambalo uwezo wa domeni nzima umewekwa kulifuata) kiwe angalau Windows Server 2008, na uanze na seva za domeni kabla ya kompyuta za wafanyakazi. Niliwahi kuona ofisi ikipindua utaratibu huo, na asubuhi yake hakuna aliyeweza kuingia. Tena haihesabu barua pepe wala mafaili ya mtandaoni, bali nywila iliyoandikwa mbele ya kompyuta yenyewe.

Msimamizi wa Linux: Kwetu sshd (programu inayopokea wanaoingia kwenye seva kutoka mbali) huonyesha mara ya mwisho ya kuingia bila kuombwa, pamoja na anwani mtu alikotokea.

Mkaguzi wa ndani: Wafundisheni watu kuusoma ujumbe huo kabla ya kubonyeza OK. Mhasibu mmoja aliona Jumatatu kwamba akaunti yake ilifunguliwa Jumamosi saa 11:20, yaani saa tano na dakika ishirini asubuhi, akiwa nyumbani. Alipiga simu papo hapo, ikabainika kuwa jirani yake wa meza alikuwa na nywila yake.

Mwanzisha mada: Ahsanteni sana. Nimeangalia, kiwango chetu bado ni cha 2003 kwa sababu ya seva moja kuukuu ya tawini. Nitaanza na hiyo.