Toleo litoke tarehe ikifika, au likishaiva?

Mleta mada: Wakuu, toleo jipya la mfumo wa kompyuta litatoka lini? Nimechoka na jibu la "litatoka likiwa tayari". Msimamizi wa seva atapangaje kazi kwa jibu hilo? Mfumo wa Linux uitwao Debian, toleo la 3.0 lilitoka Julai 2002, la 3.1 likasubiriwa hadi Juni 2005. Karibu miaka 3 watu wanaendesha vifurushi (programu) vilivyozeeka, au wanaokoteza vipya kwenye matawi (mikondo ya utengenezaji) ambayo hayajaiva. Mimi nasema tarehe itangazwe, kilichochelewa kisubiri toleo lijalo. OpenBSD, mfumo mwingine, wanatoa toleo kila miezi 6 na sijasikia mtu akiwaita wazembe.

Mchangiaji wa 1: Mkuu, tarehe haitibu hitilafu. Niliwahi kusaidia kuandaa toleo la mradi mdogo, siutaji. Usiku wa kuamkia siku iliyotangazwa, faili za kusakinishia zimeshasambazwa kwenye seva zote za nakala, ndipo mwenzetu mmoja akagundua kwamba ukichagua kusimba diski, kompyuta haiwaki tena. Tukatoa hivyo hivyo. Wiki mbili tulishinda tunawajibu watu waliobaki wanatazama skrini nyeusi yenye kishale kinachopepesa. Wengi hawakurudi.

Mleta mada: Pole, lakini hapo mlikosa mtu wa kusema hapana. Fedora, mfumo mwingine wa Linux, wana ratiba, na kabla ya kutoa wanakaa kikao cha kuamua: hitilafu moja iliyokubaliwa kuwa ya kuzuia inatosha kusogeza siku. Ubuntu, nao wa Linux, toleo lao la Aprili 2006 lilisogezwa hadi Juni, ndiyo maana linaitwa 6.06, yaani mwaka 2006 mwezi wa 6. Nani alikufa?

Mchangiaji wa 2: Mnagombania siku ya mwisho, wakati ugonjwa unaanzia mbali. Keneli (kiini cha mfumo) ya Linux 2.4 ilitoka Januari 2001, 2.6 ikaja Desemba 2003. Katikati hapo kampuni zilikuwa zinachomoa mambo mapya ya tawi la majaribio la 2.5 na kuyapachika kwenye 2.4, kila moja kivyake. Mwandishi wa msimbo akijua basi lijalo ni baada ya miaka miwili, atasukuma kazi yake mbichi iingie hili hili. Hapo ndipo kufunga tawi (kukataa mapya na kurekebisha tu) kunageuka vita. Leo wanapokea mapya wiki 2, kisha wanarekebisha tu hadi toleo la majaribio la rc7 au rc8, na yote huchukua wiki 9 au 10. Ukikosa, unangoja miezi miwili. Hakuna wa kulia.

Mchangiaji wa 3: Sasa matoleo ya nini? Sasisheni kila siku, mada ifungwe.

Mchangiaji wa 2: Ndugu, Machi 2024 umeisahau? Mlango wa siri ndani ya programu ya kubana faili, xz 5.6.0 na 5.6.1, uliwafikia waliokuwa kwenye matawi ya majaribio. Debian thabiti haikuguswa. Na uligunduliwa kwa sababu mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwenye seva kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde!

Mchangiaji wa 1: Basi fuateni Debian ya sasa: tarehe za kufunga zinatangazwa mapema, siku ya kutoa inatajwa hitilafu za kuzuia zikishapungua. Waliobaki kurekebisha ni watu wa kujitolea, hawana bosi wa kuwakimbiza.

Mleta mada: Nusu nakubali. Ila Wheezy, toleo mojawapo la Debian, ilifungwa Juni 2012 ikatoka Mei 2013. Miezi 10 mlango umefungwa, na wewe bado unaiita ratiba?