Re: Wanataka kunitoa kwenye warfarin, nikubali?

Kutoka: Rehema, Leicester

Wapendwa, habari za wikendi.

Naomba ushauri kabla ya Alhamisi. Nina tatizo la valvu ya moyo tangu utotoni, lile linaloletwa na homa ya baridi yabisi. Nilipokuwa Dar nilifanyiwa upasuaji wa tundu dogo pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, wakaipanua valvu kwa puto. Baadaye mapigo yakaanza kwenda ovyo, na tangu hapo ninakunywa warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila jioni. Nilipokuja huku kumfuata mume wangu niliendelea nayo.

Juzi mfamasia wa GP wetu, yaani kliniki ya daktari wa mtaa, alinipigia simu. Anasema warfarin ni dawa ya zamani, wagonjwa wao karibu wote wameshahamia apixaban, dawa mpya ya kazi hiyo hiyo, hakuna tena kutobolewa kidole kupima INR (kasi ya damu kuganda) wala kuchunga mboga. Kidogo nikubali papo hapo. Nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, na kila nikiitwa kupima INR ni usingizi wa asubuhi unakwenda. Tena Julai tunakwenda Tanga.

Kilichonizuia ni daktari wangu wa Dar. Aliniasa nisikubali kubadilishiwa dawa ya damu kabla daktari wa moyo hajajua. Sababu hakunipa, na mimi sikuuliza. Je, onyo lake bado lina maana?

Kutoka: Baba Tunu, Muscat

Assalaam alaykum. Pole Bi Rehema. Mimi moyo wangu nao unapiga mbio mbio bila mpango, na hiyo apixaban ndiyo dawa yangu asubuhi na jioni. INR siijui hata rangi yake. Daktari wa hapa kanambia ni bora kuliko warfarin. Kubali mwanangu, upumzike.

Kutoka: Neema, Edmonton

Shikamoo Baba Tunu. Dada Rehema, usikubali kwa simu.

Mimi ni muuguzi, nipo kliniki ya dawa za kuzuia damu kuganda. Baba Tunu hajakosea kuhusu moyo wake yeye. Mwaka 2011 ulitoka utafiti mkubwa ulioitwa ARISTOTLE, wagonjwa zaidi ya 18,000 wenye mapigo yasiyo na mpangilio, hayo yanayoandikwa AF kwenye karatasi. Apixaban iliishinda warfarin kila upande: kiharusi kilipungua, kuvuja damu kulipungua, na hata vifo. Ndiyo maana dunia nzima wanahamishwa. Lakini utafiti ule uliwaacha nje wenye valvu ya mitrali, ile ya upande wa kushoto wa moyo, iliyosinyaa kwa kiwango cha kati au kikali. Wewe unaonekana uko upande wa hao walioachwa.

Kwa muda mrefu madaktari walikuwa wanakisia tu. Walisema: dawa hizi mpya zimefanya vizuri kwa wengine, bila shaka zitawafaa na wagonjwa wa baridi yabisi, tena kwao kupima INR ni shida kubwa zaidi. Nami kama ningeulizwa wakati ule ningesema hivyo hivyo. Ndipo ukafanywa utafiti wa INVICTUS, katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye AF pamoja na ugonjwa wa valvu wa baridi yabisi. Wengi wao walikuwa wanawake, na wastani wa umri ulikuwa kama miaka 50. Nusu walipewa rivaroxaban, ambayo iko kundi moja na apixaban. Nusu walipewa warfarin au dawa za aina yake.

Majibu yalitolewa Agosti 2022, na watu walishangaa. Katika kundi la rivaroxaban, waliopata kiharusi, donge la damu kwingineko, mshtuko wa moyo au kufariki walikuwa 560. Kundi la warfarin walikuwa 446. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye vifo vyenyewe. Na kuvuja damu, ambako ndiko kulikotegemewa dawa mpya ing'are, hakukuwa na tofauti ya maana.

Zingatia na hili: hao wa warfarin hawakuwa na INR nzuri kupindukia. Katika vipimo vingi ni kama asilimia 56 hadi 65 tu waliokutwa ndani ya kiwango kinachotakiwa. Hata kwa hali hiyo walifanya vizuri zaidi. Kwa nini? Wapo wanaosema kwenda kliniki mara kwa mara kupima INR kunamfanya mgonjwa aonwe, aulizwe habari ya pumzi na miguu kuvimba. Mimi nadhani kuna ukweli humo, maana nawaona wagonjwa wangu. Ila haijathibitishwa.

Shida ya valvu iliyosinyaa ni kwamba damu haipiti upesi. Inasimama kwenye chumba cha juu cha kushoto kama maji ya mfereji ulioziba, na hapo ndipo inapoganda. Kipande kikichomoka kinakwenda kwenye ubongo. Kwa hiyo usije ukasikia "warfarin ina shida" ukaamua kuiacha mwenyewe. Kukaa bila dawa yoyote ndiyo hatari kuliko zote.

Sasa Alhamisi. Kwenye barua zako za Dar tafuta maneno rheumatic (baridi yabisi) na mitral stenosis (valvu ya mitrali kusinyaa), uyapige picha, umtumie huyo mfamasia. Mwulize swali moja tu: ECHO yangu ya mwisho, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, inasema valvu imesinyaa kiasi gani? Kama hana ECHO yako mbele yake, hana msingi wa kukubadilishia. Inawezekana hajui kabisa una valvu. Kwenye kompyuta yake labda imeandikwa AF, basi. Ugonjwa wetu huu huko Ulaya umekuwa adimu, na mfamasia kijana anaweza kumaliza miaka bila kukutana nao.

Kutoka: Mama Imani, Reading

Naunga mkono. Mimi nina valvu ya bandia ya chuma, na mwaka 2020 wakati wa korona walipokuwa wanawahamisha watu kutoka warfarin ili kliniki zisijae, nilipigiwa simu kama hiyo hiyo. Mwongozo wenyewe ulikuwa umetutenga sisi wa valvu za chuma na ninyi wa mitral stenosis ya kati na kali. Lakini anayepiga simu ana orodha ndefu mbele yake na anataka kuimaliza.

Kwa sisi wa chuma habari ilishaisha. Dabigatran, nyingine katika dawa mpya, ilijaribiwa, utafiti ukasimamishwa na majibu yakachapishwa 2013, viharusi na kuvuja damu vilizidi. Apixaban nayo ikajaribiwa kwenye aina moja ya valvu ya chuma, nao ukasimamishwa kabla ya wakati. Warfarin ndiyo yetu.

Rehema, kuhusu zamu zako: omba ujipimie INR nyumbani. NICE, wanaotoa miongozo ya matibabu huku Uingereza, walishaikubali tangu 2014 kwa watu wa AF na wa valvu. Ni kashine kadogo, unatoboa kidole, tone moja kwenye kile kikaratasi, majibu yanatoka kabla chai haijapoa, unawapigia kliniki wanakuambia unywe kiasi gani. Wengi mashine hujinunulia, vikaratasi vyake daktari anaweza kuviandika. Utafundishwa kwanza. Usikate tamaa wakikuambia hawana huo mpango, uliza kliniki ya INR ya hospitali, siyo GP.

Kutoka: Baba Tunu, Muscat

Marahaba Neema. Kumbe nilikuwa namtosa mtoto wa watu. Basi Bi Rehema mfuate muuguzi.

Kutoka: Rehema, Leicester

Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Barua nimezipata, ipo hiyo mitral stenosis, tena wameandika "ya kati".

Nina mawili zaidi. Dada yangu yuko Houston, naye ana akiba ya warfarin ya marehemu mama mkwe wake, anasema atanitumia ya safari ili nisihangaike na GP. Ni sawa?

La pili ni zito kidogo. Mtoto wa kaka yangu kule Handeni, ana miaka 9. Alianza na koo, baadaye magoti yakavimba, likapona hili likavimba jingine. Hospitali wamesema ni baridi yabisi na wamemwanzishia sindano ya penisilini kila mwezi. Wifi yangu hataki. Anasema kuna mtoto alidungwa akafa palepale, na kwamba huyu ameshapona, magoti hayaumi tena, sindano ya nini?

Kutoka: Neema, Edmonton

La Houston jibu ni hapana, na sababu siyo tu kwamba ni dawa ya mtu mwingine. Angalia rangi. Huko Uingereza kidonge cha waridi cha warfarin ni miligramu 5. Marekani na huku Kanada cha waridi ni miligramu 1, cha 5 ni rangi ya pichi. Cha bluu kwenu ni 3, huku ni 4. Wewe umezoea kusema "nakunywa kimoja cha waridi na kimoja cha bluu", sivyo? Ukinywa hivyo kwa vidonge vya Houston, badala ya 8 umekunywa 5. Omba dawa ya safari kwa GP mapema, ubebe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na kile kitabu chako cha njano cha warfarin.

La mtoto namwachia Opio, maana ni mambo ya kwao Uganda.

Kutoka: Opio, Göteborg

Habari zenu. Kweli ni mambo ya kwetu, utafiti mkubwa kabisa wa hizo sindano ulifanyika Gulu, kaskazini mwa Uganda.

Dada Rehema, mwambie wifi yako kwamba magoti kupona hakumaanishi kitu. Homa hiyo ikiondoka kwenye viungo haiachi alama, lakini kwenye valvu inaacha. Kila koo jipya la bakteria wanaoileta homa hiyo linaweza kuiamsha tena, na kila ikiamka inaongeza kovu. Sindano inazuia koo hilo lisianze. Kwa mtoto aliyekwisha kuugua homa yenyewe, kama huyu, jambo hili halibishaniwi, limejulikana tangu enzi za babu zetu.

Swali ambalo halikuwa na jibu ni la watoto ambao hawajawahi kulalamika lolote, ila ukiwapiga ECHO unakuta valvu imeanza kubadilika. Je, nao wadungwe? Madaktari wa Taasisi ya Moyo ya Uganda na wenzao wa nje walizunguka shule za kaskazini na mashine za kubeba mkononi, wakapima watoto zaidi ya 100,000. Nawaza tu foleni zile, watoto wamevua mashati, wanachekana jeli ya baridi ikipakwa kifuani. Waliokutwa na dalili za mwanzo na kukubali kuingia walikuwa 818. Nusu walidungwa penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, nusu hawakudungwa, wakafuatiliwa tu. Mwisho wake, ugonjwa ulisonga mbele kwa watoto 3 wa sindano, na kwa 33 wa wale wengine. Ilichapishwa kwenye jarida la tiba la New England, na ninaposikia watu wanasema utafiti wa moyo ni wa wazungu huwa nawatajia hiyo.

Siku hizi kazi iko kwenye kufanya upimaji usimtegemee bingwa. Wauguzi wanafundishwa ECHO fupi, mwongozo wa kimataifa wa kusoma picha hizo ulifanyiwa marekebisho 2023, na kuna programu za akili mnemba zinazojaribiwa kwa picha za watoto wa Uganda. Sijui zitafika vijijini lini, lakini njia ni hiyo.

Kuhusu hofu ya kufa: wifi yako hajazua, visa vipo, ingawa ni vichache mno. Mwanzoni mwa 2022 Shirika la Moyo la Marekani lilitoa tamko kwamba vifo vingi vya namna hiyo huenda havikutokana na mzio. Ni moyo uliokwisha kuharibika vibaya ndio unaoshindwa kuhimili maumivu na mshtuko wa sindano. Kwa wagonjwa wa namna hiyo, wenye valvu iliyoharibika sana au moyo usiosukuma vizuri, walishauri penisilini ya vidonge. Kwa wengine wote sindano inabaki kuwa bora, mradi hana historia ya mzio. Kwa hiyo pesa mtakayochanga ichangieni ECHO ya mtoto kwanza. Ikionyesha valvu ni nzima au imeguswa kidogo, hofu ya wifi yako itapungua. Siku ya sindano ale na anywe maji kabla, adungwe amelala, na mwombeni mhudumu achanganye na dawa ya ganzi. Maumivu ndiyo yanayowatorosha watoto wengi.

Kutoka: Rehema, Leicester

Nimeongea na mfamasia. Alikuwa hana habari ya valvu kabisa, kwenye kompyuta yake ni AF tupu. Amesitisha, ameniandikia rufaa kwa daktari wa moyo na nimewekewa ECHO kabla ya safari. Warfarin inaendelea. Wifi amekubali ECHO, ya sindano tutaona.

Neema, la mwisho: Tanga nichunge nini?

Kutoka: Neema, Edmonton

Pima INR siku chache kabla ya kuondoka, na tena wiki ya kwanza ukifika. Mchicha, kisamvu na matembele kula, ila utakuwa unavila kila siku wakati Leicester ulikuwa unavila Jumapili, na vitamini K yake itaishusha INR.

Kinachonitisha zaidi ni duka la dawa. Tumbo likichafuka utapewa Flagyl kabla hujamaliza kueleza, na Flagyl inaipandisha INR vibaya. Septrin vilevile. Taja warfarin kwanza kabla ya kutaja tumbo. Ikibidi uinywe, pima INR ndani ya siku tatu hadi tano. Mgongo ukiuma usipokee diklofenaki, kunywa Panadol kwa kiasi. Na ukigonga kichwa, hata kama hakuna damu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.