Kantri ni kordi tatu na kofia tu?

Kibao_Kata:
Wakuu, ukisema unapenda kantri unaambiwa ni muziki wa wazungu wafuga ng'ombe: mke kaondoka, mbwa kafa, kordi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) tatu. Lakini huko Kenya watu wanaimba Kenny Rogers na Dolly Parton neno kwa neno. Hizo dhana zina ukweli gani? Halafu nikipiga G, C na D kwenye gitaa kavu, mbona inatoka kama pambio?

Besi_Kwanza:
Inatoka pambio kwa sababu unakwangua nyuzi zote sita kila pigo. Kordi tatu ni kweli kwa nyimbo nyingi, ila ladha iko kwenye dole gumba. Pigo la 1 ni besi (uzi mmoja mnene) peke yake, la 2 kwangua nyuzi tatu nyembamba, la 3 besi nyingine, la 4 kwangua tena. Kwa G besi ni uzi wa 6 (mnene kuliko wote) kisha wa 4, kwa C wa 5 kisha wa 4, kwa D wa 4 kisha wa 5. Ukishakwangua legeza vidole vya kushoto kidogo ili mlio ukatike.

Kutoka G kwenda C, tembeza besi: uzi wa 6 freti (kituo cha kubana uzi) ya 3 kwenye pigo la 1, uzi wa 5 wazi kwenye la 3, uzi huohuo freti ya 2 kwenye la 4, na C iangukie pigo la 1 la bari (fungu la mapigo manne) inayofuata. Wengi huchelewa kuanza kutembea, C ikaingia pigo la 2, wimbo mzima ukachechemea. Anza na mapigo 80 kwa dakika, usikimbilie 110.

Maybelle Carter, mpiga gitaa wa mwanzo wa kantri, aligeuza mambo: gumba linapiga sauti ya wimbo kwenye nyuzi nene, kidole kinakwangua juu yake. Familia yao ilirekodiwa Bristol, Tennessee, 1927.

Zeze_na_Banjo:
Kuhusu "muziki wa wazungu", hebu tuangalie vyombo. Banjo imetokana na ala za Afrika Magharibi, ilifika Marekani na watumwa. Gitaa la kuteleza kwa chuma lilitoka Hawaii. DeFord Bailey, mpiga kinanda cha mdomo, alikuwa nyota wa mwanzo wa Grand Ole Opry, kipindi maarufu cha redio cha kantri, na mwimbaji Charley Pride alishinda tuzo kuu ya chama cha kantri, CMA, 1971. Wote weusi. Kofia ilikuja baadaye, kwa kiasi kikubwa kupitia sinema.

Kenya nayo haikuanza jana. Santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa mwanzo (si Kenny Rogers), ziliwafikia Wakipsigis, na 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, aliwarekodi wasichana wao wakiimba "Chemirocha", yaani jina lake Rodgers lilivyotamkwa kule. Baadaye akaja mwimbaji Jim Reeves na sauti ya chini, mdomo karibu na maikrofoni, maneno taratibu. Hata mtu ambaye Kiingereza si lugha ya nyumbani anafuata kisa mpaka mwisho. Hilo la mke na mbwa lipo, tusikatae, lakini taarab nayo ina nyimbo ngapi za kuachwa?

Kibao_Kata:
Shukrani. Na ile sauti inayolia kama mtu anavuta pumzi?

Besi_Kwanza:
Hiyo ni stili ya pedali, gitaa la kulaza linalopigwa kwa chuma na kubadilishwa sauti kwa pedali za miguu. Kwa mpangilio wa nyuzi uitwao E9 ina nyuzi kumi. Pedali ya kwanza inapandisha B hadi C kali (C#), ya pili G kali hadi A. Ukizikanyaga pamoja, kordi ya E inageuka A huku noti ya E imetulia. Masikio yanasikia kilio hapo.

Kwenye gitaa la umeme iga hivi: nyuzi za 1 na 2 zishike freti ya 3, uzi wa 3 freti ya 2 uusukume hadi noti ya A iwe B. Umepata G. Zile mbili zisisogee hata kidogo, zikisogea unasikia gitaa lisilotuniwa. Kwenye gitaa kavu lenye seti ya nyuzi nene (ya 12) usihangaike, uzi wa 3 ni wa kusokotwa na hausukumiki. Weka seti nyembamba, ya 9 au 10, kwenye la umeme.