Mikoba ya jinzi na turubai: ninunue mguu wa cherehani unaotembea au niendelee hivi hivi?

Mshonaji wa Pasua
Habari zenu wadau. Niko Moshi, nashona mikoba ya jinzi za mtumba ninazochagua soko la Memorial, ndani naweka bitana ya kitenge. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 mikoba ya kitambaa ina wateja, nami nataka yangu idumu. Cherehani yangu ni ya umeme, ya kawaida ya nyumbani. Nikishona mdomo wa mkoba, kitambaa cha chini kinakwenda, cha juu kinabaki. Nikifika mwisho cha juu kimezidi upana wa kidole. Na pale mkanda unapoungana na mwili, mashine inanguruma na kuruka stichi. Kuna mtu kaniambia dawa ni ule mguu mnene unaotembea. Ni kweli?

Fundi wa Majengo
Dada, hapo una shida mbili, na dawa zake ni tofauti.

Kitambaa kuzidi: meno ya mashine yako yako chini tu. Yanavuta kitambaa cha chini, wakati cha juu kinasuguana na mguu na kuchelewa. Mguu unaotembea una meno yake, yanayovuta cha juu kwa mwendo uleule. Hapo utakusaidia kweli.

Kuruka stichi ni habari ya sindano. Mguu wowote utakaofunga hautaipa mota nguvu. Weka sindano ya jinzi namba 100/16, pakiwa pazito zaidi 110/18, na uzi wa poliesta. Urefu wa stichi peleka 3.5 hadi 4. Sindano ikianza kutoa mlio wa kugonga, badilisha, usiihurumie.

Mama Bitana
Shikamoo fundi. Naongeza kuhusu pale kwenye mkanda. Hesabu matabaka: mkanda umekunjwa mara nne, jinzi ya mdomo imekunjwa mara mbili, na bitana juu yake. Punguza kwanza! Kata mapindo ya ndani kwa ngazi, moja fupi kuliko lingine, kisha gonga kwa nyundo juu ya ubao mpaka palale. Mguu ukianza kupanda kilima, kunja kipande cha jinzi ukiweke nyuma yake ili ukae sawa, halafu zungusha gurudumu kwa mkono. Mguu ulioinama ndio unaoharibu stichi.

Na mdomo upige bandi kwa mkono, yaani stichi ndefu za muda, kabla ya kushona. Vibanio vya nguo pia vinashika vizuri kuliko pini, maana pini inasukuma matabaka. Mimi nashona hivyo bila mguu maalumu, na mikoba inatoka imenyooka.

Kaka wa Makochi, Arusha
Mama Bitana yuko sahihi kwa mkoba mmoja mmoja. Ukipata oda kubwa, bandi itakula siku nzima. Nunua, ila mguu wako wa sasa nenda nao dukani ulinganishe urefu wa shina lake, pale unapofungwa kwenye mashine, kwa sababu miguu hii haiingii kila mashine. Mkono wa pembeni wa mguu unaotembea lazima ukae juu ya skrubu ya sindano. Usipokaa hapo, meno ya juu hayatembei. Shona polepole.

Mashine kubwa ya viwandani, ambayo hata sindano yake inatembea na kitambaa, ni ya makochi, ngozi na mahema. Kwa jinzi na kitenge bado hujafika huko.

Mshonaji wa Pasua
Asanteni sana. Nikiufunga, naweza kurudi nyuma kufunga mwisho wa mshono?

Fundi wa Majengo
Mingi imetengenezwa kwenda mbele tu, ukirudisha kitambaa cha juu kinajikunja. Ukikaribia mwisho, punguza stichi ziwe ndogo kabisa kwa sentimita moja, au acha uzi mrefu ufunge fundo upande wa bitana. Ila leo anza na sindano na nyundo. Mdomo ukikusumbua bado hata baada ya bandi, hapo ndipo utoe hela.