Ferguson, Shankly au Wenger: nani aliiachia klabu yake urithi mkubwa zaidi?

Mchambuzi wa Jukwaani: Wakuu, naomba tuwalinganishe Alex Ferguson wa Manchester United, Bill Shankly wa Liverpool na Arsène Wenger wa Arsenal, si kwa wingi wa makombe, maana hapo Ferguson amewaacha mbali kwa mataji 13 ya ligi, bali kwa hali ya klabu baada ya kocha kuondoka. Mimi naegemea kwa Shankly.

Shetani Mwekundu: Mkuu, makombe huwezi kuyaweka kando. Ferguson alikabidhiwa timu Novemba 1986 ikiwa nafasi ya 21 kati ya timu 22, na ubingwa haukuwa umeonekana Old Trafford tangu 1967. Aliurudisha mwaka 1993, kisha akawaamini vijana waliokulia klabuni, akina Giggs, Scholes na Beckham. Yaliyotokea baada ya yeye kustaafu 2013 waulizwe waliomrithi.

Mchambuzi wa Jukwaani: Ndugu yangu, simlaumu, ila nauliza alichokiacha. Alikabidhi kikosi bingwa ambacho mabeki wake wa kutegemewa, Ferdinand, Vidic na Evra, walikuwa wanaelekea ukingoni, na wote watatu waliondoka 2014. Shankly alipofika Anfield Desemba 1959, Liverpool ikiwa daraja la pili, hakuwafukuza wasaidizi aliowakuta. Bob Paisley, Joe Fagan na Reuben Bennett walibaki, wakawa wanakutana katika kichumba cha kuhifadhia viatu, njumu za wachezaji zikiwa zimewazunguka, wakiichambua mechi iliyopita na kujadili nani yuko fiti na nani ameanza kuchoka. Kwa hiyo Shankly alipong'atuka 1974, Paisley, ambaye hata kazi yenyewe hakuitamani, alikuwa anaijua timu nje ndani. Katika miaka 9 alitwaa ligi mara 6 na Kombe la Ulaya mara 3. Fagan akampokea, na msimu wake wa kwanza tu akaleta Kombe la Ulaya la nne.

Mwana wa Highbury: Wenger msimsahau. Kila mtu anaukumbuka msimu wa 2003/04, mechi 38 za ligi bila kupoteza hata moja, lakini mimi nauthamini zaidi uvumilivu wake baada ya klabu kuhamia uwanja mpya wa Emirates mwaka 2006, alipolazimika kuuza nyota ili uwanja ulipiwe huku akiendelea kuibakiza timu katika Ligi ya Mabingwa. Warithi wake waliukuta uwanja umesimama.

Shetani Mwekundu: Hoja ya kichumba cha viatu naikubali. Hata hivyo, Ferguson naye aliacha wasaidizi wazoefu, Mike Phelan na René Meulensteen, na ni mrithi wake, David Moyes, aliyekuja na watu wake. Tena mtendaji mkuu, David Gill, aliondoka kipindi hichohicho.

Mchambuzi wa Jukwaani: Hilo ni kweli, mkuu, lakini Moyes alipendekezwa na Ferguson mwenyewe, na hakumaliza hata msimu mmoja. Kuchagua mrithi kulikuwa sehemu ya kazi yake ya mwisho, kwa hiyo sioni namna ya kumtenga na matokeo yake.