Mjadala: Je, Kapteni Blakeley alikosea kuipiganisha Wasp na manowari?

Wasp, slupu ya kivita (manowari ndogo) ya Marekani yenye mizinga 22, iliondoka Portsmouth, New Hampshire, tarehe 1 Mei 1814, wakati wa vita kati ya Marekani na Uingereza, chini ya Johnston Blakeley, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imepotea baharini pamoja na watu wote waliokuwamo. Inasifiwa kwa kuzishinda manowari mbili za Uingereza, Reindeer na Avon. Mimi naona sifa hizo zimewekwa pasipo mahali pake. Waziri wa jeshi la majini la Marekani, William Jones, alitaka merikebu za namna hii ziwinde meli za biashara, kwa kuwa Uingereza ilikuwa na manowari nyingi mno kiasi cha kutotikiswa na hasara ya mbili, ilhali kila shehena iliyochomwa iliwauma wafanyabiashara wake moja kwa moja. Pambano na Reindeer, tarehe 28 Juni, lilichukua dakika 19 tu, lakini Wasp ilipata wafu na majeruhi 26, ikaingia Lorient, Ufaransa, tarehe 8 Julai na isitoke hadi 27 Agosti. Wiki hizo saba hazikukamata meli hata moja. Isitoshe, mizinga ya Reindeer ilirusha makombora ya ratili 24 na ya Wasp ratili 32. Ukiniuliza ushujaa wa siku ile, nitamtaja kwanza William Manners, kamanda wa Reindeer, aliyefia sitahani.

Ndugu mtoa hoja, Reindeer ndiyo iliyomjia Blakeley, naye alikuwa na nguvu zaidi. Kukimbia kungekuwa na maana gani? Tena hakuna awezaye kuthibitisha kwamba mapigano ndiyo yaliyoizamisha Wasp, kwani tarehe 9 Oktoba merikebu ya Sweden, Adonis, ilikutana nayo ikiendelea na safari yake.

Sijasema mapigano yaliizamisha. Kuhusu Reindeer nakubali Blakeley hakuwa na nafasi kubwa ya kuchagua, lakini Avon aliifuata mwenyewe usiku wa tarehe 1 Septemba, akaishinda, kisha akalazimika kuiacha kabla ya kuitwaa kwa sababu Castilian, manowari nyingine ya Uingereza, ilikuwa imetokea. Linganisheni na Atalanta, merikebu ya biashara ya Uingereza aliyoikamata tarehe 21 Septemba: hiyo ilifika Savannah, Marekani, tarehe 4 Novemba ikiwa mateka halali, na ndani yake ndimo zilimokuwa barua za mwisho za Blakeley.